Uzi: Ngome ya kwenye theluji italaje miezi 18 bila mavuno?

Kalamu Kavu
Habari za jioni wakuu. Naandika riwaya ya kubuni, ya zama za mapanga na ngome za mawe, na nimeiweka nchi ya kaskazini ambako baridi ikiamua kukaa, inakaa. Ngome inaitwa Mwambasega. Iko juu ya mlima, chini yake kuna ziwa na vijiji vitano. Ndani wanaishi watu 300 na farasi 40 wa vita. Kila baada ya miaka kadhaa majira ya joto hayaji kabisa na baridi inaunga miezi 18.

Kuna sura bwana wa ngome anafungua ghala, magunia yamepangwa hadi darini, kila mtu anashangilia. Jamaa niliyempa asome kaniambia hiyo si ngome ya njaa, ni duka la jumla. Nataka iwe ya kweli. Uchawi upo ila mdogo: mtu anaweza kuwasha moto bila kiberiti, basi. Wanakula nini, kinatoka wapi, kinaharibikaje? Karibuni.

Pwani Raha
Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Swali langu moja tu: kwa nini wasihame? Baridi ya miezi 18 si ya kuvumilia, ni ya kukimbia.

Mzee wa Ghala
Kijana, nimetunza nafaka maghalani sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nakuanzia na hesabu. Wengi mnaoandika hivi vitu mnajua unene wa ukuta na hamjui upana wa sakafu ya ghala.

Mtu anayefanya kazi kwenye baridi mpe kilo moja ya nafaka kwa siku. Usione nyingi. Zama zile mkate na uji ndio chakula, vingine vyote ni kitoweo. Watu 300 kwa siku 540 ni tani 162. Hapo ndipo waandishi wanaweka kalamu chini, wakati kazi haijaisha. Theluji ikiyeyuka leo, shayiri utakayopanda kesho utaila baada ya miezi minne. Ongeza tani 36. Na hiyo mbegu ya kupanda inatoka wapi? Ghala hilohilo. Hekta 300 kwa kilo 160 kila hekta ni tani 48, na hizo haziguswi hata mtoto wa bwana alie vipi. Jumla unakaribia tani 250.

Sasa zimwage sakafuni, na huwezi kujaza hadi darini. Nafaka ni kitu hai, inapumua. Ukiirundika sana inapata joto katikati, inatoa jasho, inaota ukungu. Waliitandaza juu ya sakafu ya mbao, kina cha goti au kidogo zaidi, na watu wenye koleo za mbao wakawa wanaigeuza. Kwa kina cha sentimita 60, tani 250 zinataka sakafu ya mita 11 kwa 50. Huko Uingereza kuna ghala la mbao la Harmondsworth, lilijengwa miaka ya 1420, urefu karibu mita 60 na upana karibu 12. Kitu kama hicho ndicho unachopaswa kukiweka ndani ya kuta zako, au ugawe sakafu tatu nne ndani ya mnara.

Habari njema ni kwamba baridi yenyewe inakulindia mali. Fukusi hazaliani kwenye baridi kali. Adui wako ni unyevu na panya. Mtunza ghala wako anazamisha mkono kwenye nafaka hadi kiwiko. Akikuta ubaridi, anaenda kulala. Akikuta uvuguvugu, anaamsha watu wote na usiku huohuo nafaka inageuzwa.

Kalamu Kavu
Shikamoo Mzee. Hiyo ya mkono hadi kiwiko naichukua kama ilivyo, inaingia sura ya tatu.

Mzee wa Ghala
Marahaba. Na huyo mtunza ghala mpe jina na mpe sauti. Asiwe mtu wa kubeba funguo tu.

Chizi wa Historia
Mzee kamaliza upande wa ghala, mimi niulize zile tani 250 zimetoka wapi.

Mavuno ya zama zile yalikuwa kichekesho. Kwenye mashamba ya mabwana wa Uingereza karne ya 13 na 14, ngano ilirudisha kama mara nne ya mbegu. Unapanda debe moja unavuna manne, na moja kati ya hayo linarudi kuwa mbegu. Juu ya hapo, sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa na mtindo wa mashamba matatu: moja la ngano au rai (nafaka ya nchi za baridi) iliyopandwa kabla ya baridi, moja la shayiri, oti na njegere zilizopandwa baada ya baridi, na la tatu limepumzishwa, halizalishi kitu mwaka huo.

Tuseme hekta moja inabakiza kilo 450 baada ya kutoa mbegu, na bwana wako mkali anachukua theluthi. Kupata tani 250 kwa mwaka mmoja anahitaji zaidi ya hekta 1,600 zilizolimwa, bila kuhesabu zilizopumzishwa. Akikusanya kidogokidogo kwa miaka minne mizuri, ni kama hekta 400 kila mwaka. Maana yake ngome haijilishi. Inalishwa na vile vijiji vitano ulivyovitaja kwa nusu sentensi. Mleta uzi, njaa ya riwaya yako imejificha hapo: wale waliotoa hiyo theluthi kwa miaka minne watakuja kugonga lango, na hesabu ya Mzee ilikuwa ya watu 300 tu.

@Pwani Raha, kuhama ni sawa, uende wapi? Mvua za 1315 ziliharibu mavuno karibu Ulaya yote ya kaskazini, zikaendelea mwaka uliofuata. Hata chumvi ilipanda bei, kwa sababu bila jua na kuni kavu ni shida kuikausha. Agosti 1315 mfalme Edward II mwenyewe alifika St Albans ikawa taabu kumpatia mkate yeye na watu wake. Ukikimbia, unakimbilia kwa mwenye njaa mwenzako.

Bwana Uyoga
Mnajichosha bure. Ngome iko juu ya mlima, mlima una mapango. Panda uyoga. Hautaki jua, hautaki mvua. Tatizo limeisha, uzi ufungwe.

Mzee wa Ghala
Kilo moja ya uyoga mbichi ina kama kalori 250. Mtu wa kupasua kuni kwenye theluji anataka 3,000. Kila mtu ale kilo 12 za uyoga kwa siku. Nani ataanza?

Pwani Raha
Bwana Uyoga aanze yeye 😂

Bwana Uyoga
Kama kitoweo basi.

Mfugaji wa Nyanda
Kama kitoweo sawa. Lakini uyoga nao unakula: unataka mabua, samadi, magogo. Na mabua hayo yana mwenyewe, ndiyo maana nimeingia hapa.

Watu wote wamemwangalia binadamu. Mmesahau farasi 40. Farasi mkubwa anataka kama kilo 10 za hei, yaani majani makavu, kwa siku, na huyo wa vita anataka oti juu yake. Farasi 40 kwa siku 540 ni tani 216 za hei. Uzito huo unazidi chakula cha watu 300 kwa muda uleule! Halafu angalia nafasi. Hei isiyofungwa, iliyolala vizuri, ni kama kilo 70 kwa mita moja ya ujazo. Unahitaji zaidi ya mita za ujazo 3,000. Nafaka yote ya Mzee inaingia kwenye mita za ujazo 330. Kwa hiyo ukiingia ngome yenye akiba ya kweli, utakachokiona kimejaa kila kona, darini, chini ya ngazi, ndani ya kanisa, ni majani makavu. Na mtu mmoja mwenye mwenge akipepesuka, msimu wote umekwisha.

Hei haikusanywi wakati wowote. Inakatwa majani yakiwa yametoa maua kabla hayajakomaa, inaanikwa juani, inageuzwa, inakusanywa kavu. Mvua ikiikuta imelala chini inaoza. Ukiipakia mbichi kwenye lundo inachemka yenyewe na inaweza kuwaka bila mtu kuigusa. Wiki chache za katikati ya mwaka ndizo zinazoamua ni wanyama wangapi watavuka.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mfugaji wa kaskazini ilikuwa kuhesabu kabla ya theluji: nina hei kiasi gani, inatosha vichwa vingapi, wengine wachinjwe. Kule walikuwa na sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, ndiyo siku za kuchinja na kutia chumvi, hasa nguruwe waliokuwa wamenenepa kwa mbegu za mwaloni msituni. Watu husema walichinja ng'ombe wote. Si kweli. Mwakani nani angevuta jembe?

Chizi wa Historia
Hapo kwa mfugaji nina kisa. Masimulizi ya kale ya Iceland yanamtaja mkulima tajiri Blund-Ketill. Mwaka mmoja majani yalikuwa mabaya, akawapitia wapangaji wake kabla ya baridi akawaambia kila mmoja achinje wangapi. Hawakumsikiliza, wakabakiza wengi kuliko hei yao. Baridi ilipokaza wakaja kwake kuomba. Akagawa, akachinja baadhi ya farasi wake ili apate cha kugawa, bado wakarudi. Akaenda kwa jirani bahili mwenye hei nyingi kutaka kununua, jirani akakataa, Ketill akaichukua na kumwachia malipo. Mwisho wa ugomvi huo alichomwa moto ndani ya nyumba yake. Vita nzima, chanzo majani makavu. Kalamu Kavu, mwenzako wa miaka 700 iliyopita alishaona kwamba hadithi iko kwenye hei.

Kalamu Kavu
Nimeganda. Kwa hiyo bwana wa ngome anapaswa kuchinja farasi wake wa vita ZAMANI, kabla njaa haijafika, wakati bado kila mtu ameshiba?

Mfugaji wa Nyanda
Ndiyo. Wakiwa wanene. Ukisubiri hadi njaa, utakuwa umeshawalisha hei yote na utakula mifupa.

Dada wa Tampere
Naishi Finland, ngoja nichangie mambo ya huku, maana naona mmeifanya theluji kuwa ukuta. Theluji ni barabara. Zamani huku mizigo mizito ilisubiri baridi ndipo isafirishwe: ziwa likiganda na kinamasi kikikaza, sleji ya farasi inapita moja kwa moja pale ambapo majira ya joto ungezunguka siku nzima. Ngome yako haijafungiwa na baridi. Inafungiwa wiki zile za kuganda na za kuyeyuka, barafu haibebi na mtumbwi haupiti. Hizo wiki ndizo za kuogopesha, weka tukio hapo.

Ziwa nalo linatoa samaki baridi nzima. Wanatoboa mashimo mfululizo kwenye barafu, wanapitisha kijiti kirefu chenye kamba chini ya barafu kutoka shimo hadi shimo, halafu wanavuta wavu. Vidole vinauma hadi unataka kulia, lakini samaki wanatoka.

Jambo la pili: kinu. Kinu cha maji mto ukiganda kinasimama. Na usisage nafaka yote mapema kwa sababu unga unaharibika upesi kuliko punje. Upande huu wa magharibi mwa Finland walikuwa wanaoka mikate ya rai mara chache tu kwa mwaka, mikate bapa yenye tundu katikati, wanaitunga kwenye miti mirefu chini ya dari inakauka. Inakuwa migumu kama ubao na inakaa miezi. Ngome yako iwe na dari ya mikate, msomaji atainua kichwa aione. Mikate ikiisha kabla mto haujafunguka, wanarudi kwenye kijaa, wanasaga kwa mikono, au wanapika punje nzima uji mzito wasihangaike na unga.

Na kuni. Hakuna aliyetaja kuni! Tanuri la mkate linakula msitu. Sufuria moja kubwa ya uji kwa ukumbi mzima inaokoa kuni kuliko familia 60 kila moja na moto wake. Huyo mchawi wako wa kuwasha moto ana faida gani? Moto wa kuwasha upo kila mahali, kinachokosekana ni cha kuunguza.

Pwani Raha
Dada umemmaliza mchawi wa watu. Sisi wa bahari tunauliza: hao jamaa hawana samaki wa kukausha? Kwenye barafu jua la kuanikia linatoka wapi?

Dada wa Tampere
Huanikwa na upepo, si jua. Visiwa vya Lofoten, Norway, samaki wanavuliwa kuanzia mwezi wa pili, wanafungwa wawili wawili mikia na kutundikwa kwenye vichanja vya miti nje. Hakuna chumvi hata punje. Hali ya hewa ya pale inacheza karibu na nyuzi sifuri: haigandishi sana, haiozeshi, na nzi hawapo bado. Wakikauka wanakaa miaka. Unampiga kwa nyundo, unamloweka siku kadhaa, ndipo unampika. Mwaka 1432 nahodha wa Venice, Pietro Querini, meli yake ilipotea akaokolewa kisiwa cha Røst hukohuko, akaandika jinsi wenyeji wanavyomkausha huyo samaki na kumponda. Mpaka leo Waitalia wa Venice wanamla.

Chizi wa Historia
Na biashara yake iliujenga mji wa Bergen, wafanyabiashara wa Kijerumani walikaa pale kwa ajili ya huyo samaki. Soko lilikuwepo kwa sababu ya Kwaresima: siku 40 bila nyama, na kwa kanuni za wakati ule bila mayai wala maziwa, na imeangukia mwisho wa baridi hasa wakati nyama imebaki kidogo na kuku hawajaanza kutaga vizuri. Dini ya nchi yako ya kubuni ikiwa na mfungo, uweke wakati huo. Unatia nidhamu pale ghala linapopungua na hakuna anayeona aibu.

Mtoto wa Mjini
Mbona hamzungumzii bia? Picha zote za ngome watu wana vikombe mkononi.

Mzee wa Ghala
Umenena. Bia ilikuwa kinywaji cha kila siku na ilikula shayiri sana, inaweza kufikia nafaka ya mkate au kuipita. Tani zangu 250 hazina bia. Uamuzi wa kwanza wa msimamizi mwenye akili ni kupunguza mapipa, na huo ndio utakaoleta manung'uniko kabla ya mkate haujaguswa. Askari atavumilia uji mwepesi. Kumwambia leo hakuna bia ni jambo jingine.

Kalamu Kavu
Viazi je? Niliweka viazi na mahindi kwenye stoo ya chini.

Chizi wa Historia
Viazi, mahindi, nyanya, na maharage haya tunayokula sisi vyote vimetoka Amerika, Ulaya ya ngome haikuvijua. Nchi ni ya kwako, ukitaka viwepo weka. Ila ujue viazi vinabadilisha hesabu yote, eneo moja linalisha watu wengi zaidi. Ukitaka ugumu, viondoe. Baki na njegere kavu, maharage mapana, kabichi, vitunguu, liki, tofaa zilizolazwa kwenye majani makavu zisigusane.

Nesi Mstaafu
Wanangu mmejaza matumbo, hamjaangalia fizi. Nafaka na nyama ya chumvi miezi mitano sita, mtu anaanza kuchoka bila sababu, miguu inauma, fizi zinavimba na kutoa damu, kovu la zamani linafunguka upya. Hicho ni kiseyeye, upungufu wa vitamini C. Kwenye miezi 18 kitawapata kabla ya njaa.

Mwaka 1535 Mfaransa Jacques Cartier alinaswa na barafu pale ilipo Quebec leo, kuanzia Novemba hadi Aprili. Chakula alikuwa nacho. Watu wake 25 kati ya kama 110 walikufa kwa kiseyeye, hadi wenyeji walipomwonyesha kuchemsha majani na magome ya mti mmoja wa huko. Waliokunywa wakapona ndani ya siku chache. Kwa ngome yako tumia kabichi iliyochachushwa kwenye mapipa, matunda mekundu ya msituni yaliyowekwa kwenye maji, na chai ya majani ya misonobari. Nyama mbichi au iliyopikwa kidogo pia inasaidia. Mtu wa kuyajua haya awe bibi wa kijijini. Bwana wa ngome na daktari wake hawatayajua.

Kalamu Kavu
Bibi wa kijijini ambaye lango limefungwa yuko nje… Shikamoo mama, umenipa sura.

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Asife lakini.

Mtoto wa Mjini
Na adui? Ngome bila kuzingirwa haina utamu.

Chizi wa Historia
Hapa ndipo penye raha yangu.

Chukua Malbork, Poland ya leo, makao ya wapiganaji wa dini wa Kijerumani. Julai 15, 1410 walipigwa vibaya pale Grunwald, mkuu wao akauawa. Heinrich von Plauen akawahi ngomeni na waliobaki, akachoma mji wa pembeni ili adui asipate pa kujihifadhi. Wapoland na Walithuania wakaizingira kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba 19, wakaondoka mikono mitupu. Ndani kulikuwa na akiba. Nje kulikuwa na jeshi kubwa lenye kuhara na chakula kinachoisha. Shirika lile lilikuwa na tabia ya kuhesabu: mkuu wa ngome akibadilishwa, anamkabidhi mwenzake orodha ya kilichomo, rai, shayiri, nyama, farasi. Daftari lile ndilo lililoiokoa ngome, ukiniuliza mimi.

Kenilworth, Uingereza, 1266: siku 172 za kuzingirwa, kuta hazikuvunjwa. Desemba waliokuwa ndani wakatoka wenyewe, njaa na maradhi.

Lakini kisa cha kukunyima usingizi ni Château Gaillard, Ufaransa, baridi ya 1203 kuingia 1204. Raia wa mji wa chini walikimbilia ngomeni. Kamanda, Roger de Lacy, akapiga hesabu kama ya Mzee, akaona midomo imezidi. Akawatoa. Makundi ya mwanzo adui aliwapitisha. Kundi la mwisho, mamia ya watu, Wafaransa wakawarudisha kwa mishale, wakageuka na kukuta lango limefungwa. Walikaa katikati, kwenye miteremko, baridi hiyo, wakila majani na chochote, wengi wakafa kabla mfalme Philip hajawaruhusu kupita. Na ngome ilianguka hata hivyo, Machi 1204.

Pwani Raha
Kahawa imenishinda kumeza.

Bwana Uyoga
Mimi bado nina wasiwasi na msingi wa hadithi. Miezi 18 bila joto inawezekana kweli, au tunatetea uchawi?

Chizi wa Historia
Mwaka 536 volkano ilirusha majivu na gesi hadi jua likawa hafifu. Mwanahistoria Procopius, aliyekuwepo, aliandika kwamba jua lilitoa mwanga bila nguvu, kama mwezi, mwaka mzima. Nyingine ikalipuka karibu 540. Skandinavia mashamba mengi yaliachwa, na wapo wanaodhani hapo ndipo ilipotoka imani yao ya Fimbulvetr, baridi tatu mfululizo bila joto katikati. Na Iceland 1783, mpasuko wa Laki: gesi yake ilitia sumu majani, kondoo kama wanne kati ya watano wakafa, na watu zaidi ya mmoja kati ya watano wakawafuata. Waliouawa na lava yenyewe? Hakuna. Waliuawa na majani.

Dada wa Tampere
Huku nako 1867 barafu ya maziwa ilikaa hadi Juni. Mwaka huo na uliofuata karibu mtu mmoja kati ya kumi na wawili alikufa. Walichanganya unga na gamba la ndani la msonobari. Lakini gamba hilo linabanduka vizuri mti ukiwa na utomvu, yaani baada ya baridi. Katikati ya theluji huchuni kitu. Hata chakula cha njaa lazima ukiandae wakati umeshiba.

Mfugaji wa Nyanda
Mleta uzi ana njia moja ya kukwepa hei: afuge rendia, wale kulungu wa kaskazini. Wanafukua theluji kwa kwato na kula kuvumwani, ule utando unaoota ardhini, chini yake. Wanajilisha. Shida yao ni siku ya joto moja tu katikati ya baridi: theluji ya juu inayeyuka, usiku inaganda, kunakuwa na tabaka la barafu wasiloweza kulivunja. Wanakufa wamesimama juu ya chakula. Wamongolia wana balaa kama hilo kwa mifugo yao; baridi ya 2009 kuingia 2010 ilichukua zaidi ya vichwa milioni 8.

Kalamu Kavu
Wakuu, nimeshaanza kubomoa. Ile sura ya magunia nimeifuta. Badala yake inaanza mwezi wa tisa, hakuna theluji bado, jua linawaka, na msimamizi wa ghala (ni mwanamke sasa, anaitwa Sabina) anamsomea bwana wake daftari: tani ngapi, vichwa vingapi, miezi mingapi. Anamwambia farasi 28 kati ya 40 waondoke, bia ipungue, na vijiji viwili vya juu vihamie ngomeni sasa na mifugo yao na hei yao, wasisubiri kuja mikono mitupu. Bwana anacheka, kwa sababu nje watu wanavuna.

Swali la mwisho kwa mfugaji. Sabina akishinda hoja, anaanza kuchinja nani?

Mfugaji wa Nyanda
Kwanza asubiri baridi ya kugandisha ikae, wiki mbili tatu mfululizo bila kurudi nyuma. Nyama itaganda ikining'inia, chumvi abakize kwa ajili ya baadaye joto litakaporudi. Lakini asichelewe, kila wiki ni hei na mafuta ya mnyama yanayopotea.

Aanze na madume machanga wasio na kazi na nguruwe wote isipokuwa majike mawili matatu na dume. Halafu majike wazee na waliokosa mimba. Ng'ombe wa jembe aache jozi za kutosha kulima zile hekta za Mzee, hao wanakula hata watu wakipunguziwa. Farasi wa vita, awaache majike, wenye mimba kwanza, na dume mmoja mtulivu anayekubali kuvuta sleji. Yule wa bwana mwenyewe, mweupe mwenye jina, nina hakika umeshampa jina, ndiye mkubwa kuliko wote na anakula kuliko wote. Huyo awe wa siku ya kwanza, na mbele ya watu wote.